Yaya naye alifiwa na mama



Juma hili tulikuwa tumetayarisha maneno juu ya minerval, kwa sababu trimesta inakwisha na watoto wengi wamesharudishwa nyumbani. Maneno hayo tumeyaweka kando. Minerval haitatukimbia, tutairudia. Kuna habari nyingine iliyotufikia kwa simu, nayo imetusumbua nyumbani kwetu miezi miwili sasa.

Tunasema "sisi" kwa sababu wenye habari hii ni watano, watoto wa mama mmoja. Anayeshika kalamu ni wa tatu kati ya hao watano, mwalimu wa darasa la tano la msingi, mwenye diploma ya ISP. Wengine wanne wameisoma karatasi hii kabla haijatumwa, na mmoja amefuta mistari miwili. Juu yetu sisi watano yuko mkubwa wetu, tunayemwita Yaya. Ametupa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja: jina lake lisionekane.

Ilianza hivi. Mdogo wetu, wa nne kati yetu, anaishi Marekani, katika jimbo la Georgia, alikofika na familia yake kama wakimbizi wengi wa kwetu. Anafanya kazi ya usiku, na akitoka kazini asubuhi hutuachia sauti kwenye simu, ndefu kama mahubiri. Siku moja alituma sauti ya dakika kumi na moja juu ya mchezaji wa mpira. Tulikaribia kuizima. Nyumbani kwetu mpira ni kelele za wanaume siku ya Jumapili. Lakini katikati ya maneno alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtu huyu ni Yaya. Sikilizeni vizuri. Walikuwa sita, kama sisi."

Mpira wenyewe si ule tunaoujua. Wamarekani wanauita futiboli, ingawa mguu hauugusi sana. Una umbo la yai na unashikwa mkononi. Kila upande una watu 11, na uwanja una urefu wa yadi 100, yaani karibu mita 91. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Yuko mchezaji ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha, tena watu wazito, wengine wenye kilo zaidi ya mia na thelathini. Anapata yadi tatu, anaangushwa. Anasimama. Anapata yadi nne, anaangushwa tena. Mama anayepanda na mfuko wa makala mgongoni kutoka ziwani mpaka Kadutu, huku pikipiki zinampigia honi, haelezwi mara mbili kazi ya mtu huyo.

Jambo la pili, ambalo lilitushangaza zaidi: huko mpira wa vyuo vikuu unapendwa karibu sawa na ule wa watu wanaolipwa. Wanafunzi wanacheza mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Na katika miaka ya 1990, wakati wa habari hii, mwanafunzi mchezaji hakuwa na mshahara. Alipewa bursi tu: masomo, chakula, kitanda.

Sasa tumseme mtu mwenyewe.

Warrick Dunn alizaliwa tarehe 5 Januari 1975 huko New Orleans, akakulia Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana. Mama yake, Betty Smothers, alikuwa askari polisi, akiwalea watoto sita bila bwana nyumbani. Mshahara wa polisi haukutosha. Akimaliza saa zake, alichukua kazi za ziada za ulinzi kwenye maduka. Alikuwa na ndoto moja, kupata nyumba iliyo yake, asiendelee kupanga kwa watu. Warrick ndiye mtoto wa kwanza. Mama akiwa kazini usiku, yeye ndiye aliyebaki na wadogo watano, wavulana watatu na wasichana wawili.

Usiku wa tarehe 7 Januari 1993, siku mbili baada ya kijana kutimiza miaka 18, Betty Smothers alikuwa katika kazi hizo za ziada. Alimsindikiza meneja wa duka kwenda kuweka benki pesa za siku. Majambazi waliwavizia, wakawapiga risasi. Meneja alijeruhiwa, akapona. Betty alikufa. Alikuwa na miaka 36.

Tulisimamisha sauti hapo. Hakuna aliyesema neno, kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Mama yetu hakupigwa risasi. Aliumwa tumbo siku ya Jumatano, akasema ni uchovu, akaenda sokoni. Alhamisi jioni tulimfikisha hospitali. Ijumaa alfajiri alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anauza sambaza kwenye soko la Kadutu, na siku ile ya Ijumaa beseni lake lilikuwa bado nusu, limefunikwa na kitenge, uani. Baba alikuwa amekwenda machimboni Kamituga miaka mitatu kabla. Mwanzoni alituma salamu, baadaye hata salamu zikaisha. Yaya alikuwa na miaka 19, katika mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya ualimu. Alikuwa amebakiza miezi minne afanye egzame ya Serikali.

Baada ya matanga, mjomba alitaka kutugawa: wawili huku, mmoja kule, mdogo kabisa kwa shangazi kijijini. Yaya alikataa. Hatukumbuki alisema nini, tulikuwa wadogo. Tunakumbuka tu kwamba Jumatatu alichukua lile beseni, akashuka ziwani kabla ya jua, akaenda kukaa kwenye nafasi ya mama. Hakurudi shuleni.

Warrick Dunn yeye alikwenda masomoni, na hapa mdogo wetu alisema jambo ambalo tulibishana juu yake juma zima. Chuo kikuu kikubwa cha Louisiana State kiko palepale Baton Rouge. Angeweza kucheza huko na kulala karibu na wadogo zake. Akachagua Florida State, katika mji wa Tallahassee, karibu kilomita 700 kutoka nyumbani. Dada yetu mmoja alisema: amewakimbia. Kaka akasema hapana, amekimbia kwa ajili yao. Sisi wengine hatukujua la kusema. Bibi yao, mzaa mama, alihamia nyumbani kukaa na watoto, naye kijana akabaki ndiye mlezi, mwenye kukata maneno juu ya pesa na masomo yao, akiwa mbali, na umri wake miaka 18. Tunawauliza, wamama: kijana wa umri huo unamwachia nini nyumbani kwako? Funguo ya kabati, labda.

Alikuwa na mwili mdogo. Urefu wake mita 1.75, uzito karibu kilo 82. Chuoni walimtaka acheze nyuma, upande wa kuzuia. Kocha Bobby Bowden alikubali kumjaribu mbele, kama mkimbiaji. Akalazwa chumba kimoja na mwenzake aliyemtangulia miaka, Charlie Ward, ambaye ndiye alikuwa mgawaji wa mpira wa timu na ambaye mwaka ule ule alipata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Tunafurahi kwamba alipata kitanda karibu na mtu mtulivu.

Mwezi wa Novemba mwaka ule wa 1993 walicheza na majirani zao wa chuo cha Florida, ugenini. Florida State walikuwa mbele 27 kwa 21, wenyeji wanakaribia, uwanja unapiga kelele mtu asisikie hata pua yake. Ward akamtupia mpira yule mtoto wa mwaka wa kwanza pembeni mwa uwanja. Dunn akaushika, akageuka, akakimbia mpaka mwisho, yadi 79 kwa jumla. Mchezo ukaisha 33 kwa 21. Tarehe 1 Januari 1994 wakawashinda Nebraska 18 kwa 16, na chuo chao kikapata ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza. Hesabu tarehe hiyo, mama. Zilikuwa zimebaki siku sita utimie mwaka mmoja tangu mama yake auawe.

Mwaka uliofuata, mbele ya wale wale wa Florida, timu yake iliingia robo ya mwisho ikiwa nyuma 31 kwa 3. Watu walishaanza kutoka uwanjani. Wakarudisha zote, mpaka 31 kwa 31, na aliyeingiza mara ya mwisho ni mwenzake Rock Preston. Wakarudiana tarehe 2 Januari 1995 huko New Orleans, mji alikozaliwa. Safari hii hakukimbia tu. Aliutupa mpira mwenyewe yadi 73 na mwenzake akafunga. Wakashinda 23 kwa 17, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku. Mdogo wetu anasema ukiangalia picha za zamani utaona anapigiwa makofi na hacheki sana. Sisi hatukuziona picha hizo, mtandao wa hapa hauturuhusu, lakini tulielewa. Ilikuwa tena juma lile la Januari. Yaya naye, kila mwaka tarehe ile ikikaribia, huanza kufua. Anafua mapazia, anafua mashuka safi, anafua mpaka sabuni inakwisha. Miaka yote tulifikiri anapenda usafi.

Misimu mitatu mfululizo alipita yadi 1,000, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika chuo kile. Alipomaliza mwaka 1996 alikuwa na yadi 3,959, rekodi iliyokaa miaka 20. Zigeuze kuwa mita: ni kilomita tatu na nusu na kidogo. Kwa miaka minne! Tulicheka kwanza. Kisha tukakumbuka kwamba kila yadi ina mtu anayeining'inia.

Mwaka 1997 timu ya kulipwa ya Tampa Bay ilimchukua, wa 12 katika orodha ya vijana wote wa mwaka huo, wakati wengi walisema mwili wake hautadumu misimu miwili. Alidumu 12, Tampa kisha Atlanta kisha Tampa tena, akafikisha yadi 10,967. Hayo ya kazi ya kulipwa hatutayakalisha sana. Tunataka kusema alichofanya na pesa.

Mwaka wake wa kwanza kabisa Tampa, kocha Tony Dungy aliwaambia wachezaji kila mmoja atafute jambo la kuwafanyia watu wa mji. Kijana wa miaka 22, mwenye mshahara mkubwa kwa mara ya kwanza, anaweza kufikiria mambo mengi. Yeye alifikiria nyumba ambayo mama yake hakuipata. Akaanza kuwasaidia wamama wanaolea watoto peke yao waingie katika nyumba zao wenyewe.

Huko mtu wa kawaida hanunui nyumba kwa mara moja. Benki inamkopesha, naye analipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ila kuna pesa ya kwanza ambayo lazima aitoe mwenyewe, na hapo ndipo mama wa mshahara mdogo anakwama. Ni kama garanti ya nyumba kwetu hapa. Mnajua hali: kodi ya mwezi unaweza kuitafuta sokoni, lakini mwenye parsele anataka garanti ya miezi mitatu au sita mkononi, leo. Basi Dunn anachangia pesa ile ya kwanza, kisha anaijaza nyumba vyombo. Mama anapewa funguo akifikiri anakwenda kuona kuta tupu, anakuta vitanda vimetandikwa, sahani kabatini, chakula jikoni, hata miswaki ya watoto. Kufika leo zimepita familia 200. Mikopo inabaki ya mama mwenyewe, analipa mwenyewe, na jambo hilo tumelipenda. Hakufanywa ombaomba.

Kama sauti ingeishia hapo, tungeikumbuka kama habari nzuri ya mtu mzuri, tukarudi kwenye kazi zetu. Haikuishia hapo.

Miaka kumi na zaidi baada ya kifo cha mama, akiwa Atlanta, tajiri, anajulikana, wadogo wameshakuwa watu wazima, Warrick Dunn alikwenda kwa mtaalamu wa mambo ya moyo kumwambia kwamba hana furaha. Ameyaeleza mwenyewe mbele ya watu na katika kitabu alichokitoa mwaka 2008. Alikuwa amefunga huzuni yake tangu usiku ule, kwa sababu kulikuwa na watu watano wa kuwaangalia, na mtu anayeangaliwa na watano hawezi kuanguka. Mwaka 2007 alikwenda gerezani Louisiana, akakaa mbele ya mmoja wa waliohukumiwa kwa kumuua mama yake, akamwambia yaliyowapata yeye na wadogo zake. Alipokwenda kule alikuwa na miaka 32, ametumikia miaka kumi na minne kama baba wa watoto ambao si wake.

Mdogo wetu alimaliza sauti yake kwa swali. "Nani kati yetu amewahi kumuuliza Yaya?"

Hakuna.

Tunakiri, wamama. Tulimwita mkali. Alitutandika kwa kuchelewa, alihesabu sambaza kwa macho akijua nani ameiba. Alisaini karatasi za shule kama mzazi, akasimama kwenye mikutano ya wazazi akiwa mdogo kuliko wote, na wengine wakamwuliza kama ndiye mtumishi. Aliolewa akiwa na miaka 33, baada ya wa mwisho wetu kumaliza sekondari. Wawili walikuja kumposa kabla na wakaondoka waliposikia kwamba anakuja na watu watano. Siku anayeandika karatasi hii alipopata diploma ya ISP, tulifanya sherehe. Tulimshukuru mjomba, aliyetaka kutugawa. Tulimshukuru mchungaji, wakubwa wa kazi, majirani waliotuazima viti. Yaya alikuwa jikoni na sombe. Tulimkumbuka watu walipoanza kuondoka, tukamwita apigwe picha, akaja anajifuta mikono. Picha ipo. Ualimu ule ndio aliouacha yeye, naye anasimama pembeni mwa diploma akiangalia kando.

Basi Jumapili moja tulikwenda kwake, watatu tulio Bukavu, na wa Georgia akiwa kwenye simu. Wa tano yuko Uvira kwa kazi, hakuweza kufika. Tulipeleka sukari na mchele kama wageni. Alishuku mara moja, akauliza nani amekufa. Tukamchezea ile sauti. Alisikiliza akichambua maharagwe. Ilipofika mahali pa mama kuuawa, mikono ilisimama. Ilipofika mahali pa nyumba, alisema, "Huyo mtoto ana akili." Ilipokwisha, kaka yetu, ambaye hana ustadi wa maneno, alimwuliza hivi hivi: "Yaya, wewe siku ile ulikuwaje?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia, si kwa hasira, kama anayehesabu chenji: "Hamkuniuliza. Mliniuliza chakula kiko wapi."

Halafu akaanza kusema, akasema mpaka jioni. Kwamba ile Ijumaa hospitalini alikuwa peke yake na mama, na mama alimwambia neno moja tu, kwamba sambaza za uani zisiharibike. Kwamba ndiyo sababu alichukua beseni Jumatatu. Hakuwa ameamua kuacha masomo, alitaka tu kumaliza zile sambaza. Alikuwa na nia ya kurudi shuleni Jumatano. Kwamba alilia ziwani, alfajiri, wakati wanunuzi wengine wanapigania mitumbwi, kwa sababu ni mahali pekee ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Kwamba daftari lake la mwisho alilifungia sambaza, ukurasa mmoja mmoja, hadi likaisha.

Yule wa Georgia alikuwa analia kwenye simu tukamsikia wote. Yaya akamwambia anyamaze, anamaliza megabaiti.

Tunaweza kusema neno la kazi hapa? Katika darasa letu la tano yuko msichana anayefika kila siku saa mbili na dakika ishirini. Tumemwadhibu tangu mwezi wa tisa. Baada ya Jumapili ile tulikwenda kumwuliza, kwa upole, akiwa peke yake. Anawaogesha wadogo wawili na kuwafikisha kwa jirani kabla ya kuja. Mama yake alifariki mwaka jana. Ana miaka 12. Daftari la mahudhurio lilikuwa linatuambia kwamba ni mvivu. Mkurugenzi wetu amekubali aingie kwa kuchelewa bila adhabu, na jirani yule, ambaye yumo katika likelemba yetu ya avenyu, amekubali kuwachukua wadogo mapema. Katika vikundi vyenu pia wamo watoto wa namna hiyo, wavulana kwa wasichana. Kwenye matanga huwa tunawabeba wadogo mapajani na tunamwambia mkubwa: "Jikaze, sasa wewe ndiwe mama." Sisi wenyewe tumesema hivyo kwenye matanga ya watu, zaidi ya mara moja. Hatulisemi tena. Na kikundi kikipeleka unga kwenye nyumba hiyo, aende na mama mmoja wa kukaa na yule mkubwa, aliye mbali kidogo na wadogo, amwulize habari zake yeye.

Tulifikiri Yaya atataka nyumba, kama wale wamama wa Tampa. Bado anapanga, na bwana yake ni mtu wa kazi za mkono. Tulikuwa tumeshahesabu: sisi watano kila mwezi, kwa miaka mitatu, tungepata kiwanja kidogo na mabati. Tukamwambia. Alisema nyumba ni vizuri, tuendelee na hesabu yetu, hatakataa. Lakini kama tunamwuliza yeye anataka nini, kwa kweli, anataka diploma yake ya Serikali.

Ana miaka 44. Tulimweleza, sisi walimu tunaojua mambo hayo, kwamba inawezekana: mtu aliyeacha shule zamani anaandikishwa egzame kama otodidakti, anajisomea nyumbani, anakaa kwenye chumba kimoja na watoto wa sekondari siku ya mtihani. Yaya alikuwa anajua. Alikuwa ameshauliza miaka sita iliyopita, peke yake, akaambiwa gharama, akarudi sokoni.

Pesa za kumwandikisha zimeshapatikana. Wa Georgia ametuma sehemu kubwa, wa Uvira amemnunulia madaftari manne yenye majalada magumu. Kifaransa anakikumbuka vizuri kuliko tulivyotazamia. Saikolojia na ufundishaji anavijua kwa kuishi. Tatizo ni hesabu. Za sokoni anazifanya kichwani haraka kuliko sisi, ila zile zenye herufi badala ya namba anaziona kama ugomvi wa bure.

Tunaanza Jumamosi, saa tisa, akifunga meza yake sokoni. Ametuonya tusichelewe.